Bondeni Hakukuwa na Maji

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Na asifiwe kwa yale aliyoyatenda kweli, si kwa yale mnayomzushia katika maduka ya Mfaranyaki.

Kabla sijashuhudia, nitenganishe mambo. Nimesikia kwamba nilipotea jangwani siku tatu. Nimesikia kwamba malaika mwenye mabawa alininywesha kwa kikombe cha dhahabu. Haya nimeyasikia, sikuyaona, ingawa aliyepotea ni mimi! Nilipotea kwa saa nne. Aliyeanzisha habari ya mabawa ni shemeji yangu Gaudensi, kaka wa mke wangu, mnamwona pale benchi la tatu anatabasamu. Wakati huo wa mabawa alikuwa amezimia. Mtu aliyezimia aliona nini? Mimi nitasema niliyoyaona.

Binti yangu Oliva ni muuguzi nchini Namibia. Alitualika, mimi na Gaudensi, akatupeleka kwenye hifadhi moja ya jangwa yenye mlima wa mawe mekundu. Yeye alibaki getini na mtoto wake mchanga. Sisi wazee tukataka kupanda. Tulipoondoka Songea mke wangu alikuwa ameniambia, “Baba Oliva, huyo ndiye kaka yangu wa pekee aliyebaki. Umrudishe mzima.” Nilimwahidi.

Askari wa getini, mwanamke mwenye adabu, alitusihi tubebe maji ya kutosha siku nzima na tusiiache njia, kwa kuwa bondeni hakuna maji. Nikamuuliza, “Umewahi kushuka huko wewe mwenyewe?” Akajibu kwamba hajawahi, ameambiwa na waliomtangulia kazini. “Basi hujui,” nikamwambia, “umesikia tu.” Nikajiona nimesema neno la hekima! Tukabeba chupa moja moja.

Ndugu zangu, njia ile ni adhabu. Inapinda kushoto, inapinda kulia, unatembea nusu saa na bado unaliona paa la gari ulilotoka nalo. Mawe yanateleza chini ya viatu kama punje za mahindi juu ya sakafu. Hakuna kivuli hata cha kumtosha mjusi. Wageni wenye fimbo mbili mbili walitupita wakitupongeza, jambo lililozidi kuniudhi. Na Gaudensi hakunyamaza hata hatua kumi.

“Shemeji, Matogoro yetu ina heshima. Huu mlima hauna hata aibu!”

Kisha akajimwagia maji usoni, akasukutua, akatema.

“Unakunywa au unaoga?” nikamuuliza.

“Ah, Mwalimu! Mlima mzima huu ukose kijito?”

Sikumkemea ipasavyo, kwa maana nami niliamini hivyo hivyo. Kosa langu liko hapo, na ni kosa la mtu wa kwetu. Sisi tumezaliwa penye mabonde yenye maji. Kutoka Matogoro hadi Maposeni, ukiona mstari wa miti ya kijani chini ya kilima, unashuka na ndoo yako, hujiulizi. Tulipofika kwenye bega la mlima, chupa zikiwa tupu, niliona chini mstari wa miti ya kijani. Mimi, niliyefundisha jiografia sekondari mpaka nikastaafu, nikaiacha njia. “Maji yale pale,” nilimwambia Gaudensi, na yeye akanifuata.

Bondeni hakukuwa na maji. Kulikuwa na mchanga. Nilichimba kwa mikono mpaka kwenye viwiko, mchanga. Miti ile inaishi kwa mizizi inayoshuka mbali sana ardhini, na hilo nalo nimelifundisha darasani miaka na miaka! Nilikasirika hata nikaupiga teke mti, nikaumia kidole.

Tukaanza kurudi juu. Mteremko tulioushuka kwa robo saa ulitukatalia kwa saa mbili. Kisha Gaudensi akanyamaza. Ndugu zangu, tangu nilipomwoa dada yake sikuwahi kumwona Gaudensi kanyamaza, na ukimya ule ulinitisha kuliko jua. Baadaye akaanza kumwita marehemu mama yake kwa Kingoni. Akaanguka. Nikamwegemeza kwenye jiwe, nikakaa upande wa jua ili kivuli changu kimfunike uso.

Hapo nikapiga magoti. Nimesali rozari tangu utotoni, lakini siku ile ndiyo mara ya kwanza kuomba nikiwa sina hoja yoyote. Nilisema, “Bwana, yule mwanamke wa getini alisema kweli, nami nilimdharau. Huyu nimemleta hapa mimi. Usimwadhibu yeye.” Nilitazama saa yangu: saa saba na robo mchana.

Saa nane kasoro dakika kumi vijiwe viliporomoka kutoka upande wa juu, akashuka mtu. Alikuwa mwanamume mnene kidogo, mwenye sare ya hifadhi, soksi moja imemshuka, anatafuna bigijii. Malaika hatafuni bigijii! Mgongoni alikuwa na begi, wala si mabawa. Kwa nini alipita pale saa ile, sijui. Oliva anasema hivi, Gaudensi anasema vile. Mimi sikumuuliza, kwa hiyo siwajazii.

Lakini asidhani mtu kwamba namnyima Mungu sifa! Namshukuru kwa sauti kubwa, mbele yenu nyote. Niliomba, na maji yakaja. Ninyi mnamwongezea dhahabu ya nini? Wewe uliyeketi hapa, unayekataa kila onyo mpaka ulione kwa macho yako, mimi nilikuwa wewe. Mtumaini Bwana leo, ungali na nguvu za kurudi njiani. Anasikia hata sala ya mtu mkaidi.

Siku ile hatimaye nami fahamu zilinitoka, na yaliyofuata nimesimuliwa tu, siyashuhudii. La mwisho ninaloweza kuliapia ni hili. Yule mtu alilowesha kitambaa, akakikamulia midomoni mwa Gaudensi, nami nimemshika shemeji yangu shingoni. Mara ya kwanza maji yalitiririka yakaishia kifuani. Akakilowesha tena, akakikamua taratibu zaidi. Chini ya vidole vyangu nilihisi koo likipanda, likashuka. Alimeza.