Raphael Lokeno, Apalonyang: Aliyebadilisha Maksai kwa Pedali ya Gitaa

Tunayemsindikiza leo hapa Lopur aliitwa Raphael na kanisa, Lokeno na mama yake, na Apalonyang na baba yake. Hilo la tatu ndilo lililomsumbua, na ndilo tutakalolieleza kwa kirefu, kwa sababu yeye mwenyewe hakuwahi kulieleza kwa kifupi.

Raphael Lokeno Lokuruka alizaliwa tarehe 14 Aprili 1986, mtoto wa tatu wa Mzee Lokuruka na marehemu Mama Akuwam. Uchungu ulimkuta mama akipika, mtoto akazaliwa kando ya meko, na hapo ndipo lilipotoka jina Lokeno, yaani wa mekoni. Mama alikuwa akisimulia kwamba mtoto alilia kwa sauti nzito mno hata mbuzi wakasogea kuona kulikoni. Dada yake Nakiru, anayewasomea wasifu huu, alizaliwa miaka miwili baadaye na hathibitishi lolote kuhusu mbuzi. Ila ni kweli kwamba Lokeno alipenda kila kitu chenye sauti nzito tangu utotoni.

Alisoma shule ya msingi hapa karibu, akamaliza darasa la nane mwaka 2002, kisha akaenda Lodwar kukaa kwa mjomba na kusomea ufundi wa umeme na redio, masomo aliyoyakamilisha Novemba 2007. Kanisani huko Lodwar ndiko katekista mmoja alikomshikisha gitaa, na tangu siku hiyo vidole vyake havikutulia hata wakati wa kula. Likizo alirudi Lopur na gitaa mgongoni, wakati wenzake walitembea na fimbo na kigoda cha kulazia kichwa. Mzee alilitazama, akauliza kama linakamuliwa, akaambiwa halikamuliwi, akarudi kwa ng'ombe wake.

Hata hivyo mzee alimpenda sana. Mwaka 2006 alimpa maksai, kama baba anavyompa kijana anayeingia utu uzima. Kwa wageni wetu wasioijua desturi hii: kijana hupata jina kutokana na rangi ya maksai wake, hutunga wimbo wa kumsifu, na anapocheza ngoma ya edonga huinua mikono kufuata umbo la pembe zake. Maksai wa Lokeno alikuwa Lonyang, yaani wa manjano, pembe moja imesimama na nyingine imeinamia jicho. Kuanzia hapo baba alimwita mwanawe Apalonyang, baba wa Lonyang, na kila alipolitamka jina hilo alilitamka taratibu, akitaka lidumu mdomoni. Asiye na maksai anaweza kuwa na mambo mengi mazuri, lakini kwenye edonga kazi yake ni kuwapigia wenzake makofi.

Sasa tufike mwaka 2009, mwaka ambao nyumbani kwetu haukutajwa kwa muda mrefu. Lokeno alikuwa amefungua kibanda cha kutengeneza redio na spika mjini Kakuma, na kila Jumapili alipiga gitaa katika kambi ya wakimbizi na kwaya ya ndugu zetu wa Sudan Kusini. Mpiga gitaa mkuu wa kwaya hiyo, Alier, alikuwa na pedali: kiboksi cha chuma cha kukanyaga kwa mguu, ambacho sauti ya gitaa ikipita ndani yake hutoka imenenepa, ina mkwaruzo na hasira kidogo. Lokeno alikisikia mara moja tu, akakosa raha. Mwezi wa Agosti Alier akapata safari ya kwenda kuishi Kanada.

"Mimi naenda na ndege, ndugu yangu," Alier alimwambia. "Hii pedali sina haja nayo. Lakini mama amesema siwezi enda bila kuchinja ng'ombe ya shukrani, na sisi hapa kambini ng'ombe hatuna."

Lokeno hakumshauri mtu. Alimtoa Lonyang zizini asubuhi na mapema, akamkabidhi Alier, akarudi nyumbani na kiboksi kwapani. Kufikia saa kumi jioni kwaya nzima ilikuwa imekwisha kumla Lonyang na kumshukuru Mungu.

Mzee alimsubiri mlangoni. "Maksai yuko wapi?"

Lokeno hakujua kudanganya hata pale uongo ulipokuwa na faida. Alimwonyesha kiboksi. Kwa bahati au kwa balaa, kilikuwa cha manjano. "Hata rangi ni ileile, baba."

"Na pembe?"

"Hakina."

"Kinakula nini?"

"Betri."

"Basi wewe si baba wa Lonyang," alisema. "Wewe ni mtu wa kiboksi."

Jina Apalonyang likatoka kinywani mwake na halikurudi kwa miaka tisa. Akiwa na neno la kumwambia mwanawe, alilipitishia kwa Nakiru: mwambie mtu wa kiboksi chumvi imekwisha, mwambie mtu wa kiboksi mama yake anaumwa. Lokeno aliumia, wala hakuficha maumivu yake. Alitamka mbele yetu sote kwamba kwa kiboksi hicho hicho atamrudisha Lonyang nyumbani, mlio wake mtupu, na baba atamtambua kwa masikio yake mwenyewe, na siku hiyo atamwita tena jina lake.

Kazi yake yote ilizunguka nadhiri hiyo. Pedali ilivyotoka kiwandani ilikuwa na sauti nyembamba ya kutoboa masikio. Akaifungua. Mle ndani aliikuta kapasita ndogo iliyozuia sauti nzito isipite, akaing'oa, akalehemu kubwa aliyoitoa kwenye spika iliyokufa, na besi ikafunguka. Kisha akakifungulia kitufe cha mkwaruzo mpaka mwisho. Kiboksi kikanguruma hata mabati yakatikisika, na bendi za Kakuma zikaanza kumgombania. Alialikwa mpaka Ferguson's Gulf, kule Ziwa Turkana, kwenye shukrani ya wavuvi, na wanawake waliokuwa wakianika samaki wakaacha kazi kuja kusikiliza. Kila mahali alisifiwa, isipokuwa hapa Lopur.

Tarehe 20 Desemba 2014 Lokeno alifunga ndoa na Adau, dada yake Alier, mwimbaji wa kwaya ile ile. Adau hakuficha kwamba alikuwa miongoni mwa waliomla Lonyang, tena alisema nyama yake ilikuwa laini. Mahari yalikwenda vizuri, maana Wadinka, watu wa Adau, na sisi Waturkana tukikaa kuzungumzia ng'ombe hatuhitaji mkalimani. Mzee alitoa mifugo yote iliyotakiwa bila kinyongo. Sherehe iliponoga, bwana harusi mwenyewe akachukua gitaa, akakanyaga kiboksi, na akamngurumisha Lonyang wake kwa nguvu zote. Mzee alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akamgeukia Nakiru.

"Mwambie mtu wa kiboksi huyo ni fahali. Fahali wa watu, tena mwenye wazimu. Lonyang alikuwa maksai, mimi ndiye niliyemhasi. Maksai akilia huanza chini, anapanda kidogo, halafu anakata kabla hajamaliza, kama amekumbuka jambo."

Mtu mwingine angekasirika siku ya harusi yake. Lokeno alicheka mpaka akakaa chini. Kwa pupa yake alikuwa amemgeuza maksai kuwa fahali, kazi ambayo hakuna daktari wa mifugo aliyewahi kuiweza. Na kulikuwa na furaha nyingine ndani ya kicheko hicho, kwani baba asiyetaka kusikia habari za kiboksi alikuwa amekisikiliza vizuri kuliko watu wote waliokuwa wakipiga makofi.

Akaanza upya, safari hii kwa kupunguza. Mkwaruzo akaurudisha chini ya nusu. Ndani ya pedali mna daiodi mbili, vipande vidogo kama punje za mchele, ambazo kazi yake ni kukata kichwa cha sauti inapopanda. Zile za kiwandani zilikata sawasawa pande zote mbili, na kwa ukali. Upande mmoja Lokeno aliweka daiodi ya redio ya zamani, inayokata mapema na kwa upole. Upande wa pili aliweka taa nyekundu aliyoinyofoa kwenye tochi ya sola, ambayo huchelewa kukata. Sauti ikawa na pande mbili zisizolingana, na ikaanza kuwa na tabia. Kila alipobadilisha kitu alimpigia mzee gitaa kwenye simu ya Nakiru, na mzee, ambaye eti hasemi naye, alituma majibu. "Mwambie puani pamezidi." "Mwambie huyo ameshiba, Lonyang alilia akiwa na njaa." "Mwambie anakaribia, lakini asivimbe kichwa." Nakiru alichoka kuwa waya kati ya watu wawili wenye midomo yao, lakini alipiga moyo konde, kwa sababu aliona wote wawili wanafurahia.

Mvua ya mwaka 2018 ilikuwa nzuri, na tarehe 29 Desemba vijana wakaitisha edonga hapa hapa Lopur, mchana kweupe. Lokeno alifika na Adau kwa bodaboda, spika mapajani. Waimbaji walipopumzika, akakanyaga kiboksi na kuupiga wimbo wa Lonyang, ambao hakuna aliyekuwa ameuimba tangu mnyama huyo aliwe. Sauti ilianza chini, ikapanda kidogo, ikakatika kabla ya kumaliza. Ng'ombe wa jirani waliinua vichwa. Hilo halikutushangaza, ng'ombe huinua vichwa hata kwa pikipiki. Lililotushangaza ni Mzee Lokuruka. Alisimama, akaacha fimbo ianguke, akaingia katikati ya duara. Mkono wa kulia akausimamisha wima, wa kushoto akaukunja juu ya jicho, na akaimba, mtu mzima wa miaka yake, akiruka na vijana.

"Apalonyang," aliita mbele ya watu wote. "Ejok, vizuri sana. Mlete karibu nimwone."

Vigeligele vilisikika mpaka barabarani. Lokeno alipiga huku akilia, wala hakukosea hata noti moja, na sisi tuliokuwepo tunasema wazi kwamba hatujawahi kumwona mtu mwenye furaha kama ile.

Baada ya siku hiyo mambo yake yalinyooka. Alihamishia kazi Lodwar, karibu na soko, na wapiga gitaa wakamletea pedali zao kutoka mjini na kambini, kila mmoja akitaka iwe na sauti yake. Kabla ya kushika bisibisi alikuwa na swali moja: "Ng'ombe wako alikuwa wa namna gani?" Wadinka walieleza mpaka chai ikapoa. Mkongomani mmoja alimjibu, "Miye sikuwake na ngombe, ndugu. Niko mutu wa muji." Lokeno alifikiri kidogo, akamuuliza kwao waliamshwa na nini asubuhi, akaambiwa ni kengele ya kanisa. Pedali ya Mkongomani huyo inalia kengele hadi sasa, na mwenyewe alikuwa akipita Lodwar kila mara kushukuru.

Mwaka 2022 ukame ulipomaliza zizi la Mzee Lokuruka, ng'ombe mmoja baada ya mwingine, Lokeno ndiye aliyewalisha wazazi kwa mikono hiyo ya ufundi. Mama Akuwam alifariki mwaka uliofuata. Mwanzoni mwa 2025 Lokeno mwenyewe akaanza kuishiwa pumzi, na madaktari wakaona moyo umepanuka. Alilazwa hospitalini Lodwar mara tatu. Mashine ya kupima moyo ilipolia kando ya kitanda chake, alimwambia muuguzi, "Sista, hii mashine yenu ina ukali mwingi juu. Nipe bisibisi dakika tano." Baba yake alikuja akakaa naye kila siku, akimwita jina lake moja kwa moja, bila kumpitishia mtu. Tarehe 11 Novemba 2025, saa nne asubuhi, alilala mikononi mwa Adau baada ya kupokea mpako wa wagonjwa. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na tisa, na alichokuwa amenuia kukifanya alikuwa amekifanya.

Ameacha baba yake, Mzee Lokuruka, mkewe, Adau, mabinti zake, Aluong na Nakiru mdogo, ndugu zake wawili wakubwa na dada yake Nakiru, na shemeji yake Alier, ambaye anatusikiliza kwa simu kutoka Kanada.

Tulipomsomea mzee maneno haya jana, tulikuwa tumeishia hapo. Alikataa. "Mmesahau mmoja," alisema. Tulimkumbusha kwa heshima kwamba ng'ombe walikwisha wote katika ukame.

"Wangu ndio waliokwisha," alisema. "Wa Apalonyang hakufa. Mwandikeni."

Basi tumemwandika. Ameacha pia Lonyang, maksai wa manjano.

Bwana ampokee Apalonyang, na ampe pumziko lenye amani.