Mwonaji wa Tulwet

Novemba ya tisini na saba mvua ilinyesha siku kumi na mbili bila kuvuta pumzi, na barabara ya kutoka Kedowa kwenda Kipkelion ikawa uji mwekundu. Kazi nyingi zilisimama, lakini benchi la Lenah, muuza chai, halikusimama. Lilikuwa chini ya bati, kando ya kituo cha kupimia majani chai, na kila asubuhi wazee watatu walilijaza kabla birika halijachemka. Wa kwanza Bethwel, aliyefundisha shule ya Jumapili miaka thelathini. Huyo walimwita Mhubiri. Wa pili Kipkurui, ambaye kanisa lilimtuma Bomet na barua, naye akapanda lori la Kisumu. Toka siku hiyo jina lake likawa Yona. Wa tatu Gekara, fundi wa mawe kutoka upande wa Kisii, aliyejenga na kuzaa hapohapo chini ya kilima cha Tulwet. Yeye walimwita Nyundo. Asubuhi hiyo Nyundo alikaa pembeni, chai ikimpoea mkononi. Jumapili mkewe Nyambeki, mchumaji chai asiye na maneno mengi, alisimama kanisani akasema Tulwet itafunguka, nyumba saba zilizo chini zihame. Kesho yake alichukua watoto akahamia kanisani. Gekara alibaki. Siku tatu sasa alikuwa analala na viatu miguuni.

— Baba Sellah, alianza Yona akimgeukia Gekara, leo nabii wetu amesema nini?

— Usimwite hivyo.

— Si ni yeye alijiita?

— Hakujiita. Alisema tu mlima utafunguka.

Bethwel akaweka kikombe chini. Hiyo ilikuwa ishara kwamba Maandiko yanakuja.

— Torati iko wazi. Mtu akitabiri jambo na lisitokee, huyo ni nabii wa uongo.

— Kwa hivyo tungoje litokee? Lenah aliuliza kutoka kwa jiko.

— Tungoje.

— Na likitokea tukiwa ndani?

— Basi tutajua alikuwa wa kweli.



— Hata wahenga walisema mwenda pole hajikwai, Yona akaongeza.

— Hiyo inaingiaje hapo?

— Ukihama mbio na kitanda kichwani kwa hii matope, si utajikwaa?

— Lakini kuna Ninawi, Bethwel alisema. Waliambiwa siku arobaini, na mji haukuanguka. Walitubu. Hata ng'ombe walivikwa magunia.

Yona aliangalia mvua kidogo.

— Mimi niko na magunia mawili, alisema, na hakuwa anacheka. Lakini tutubu nini? Hiyo dhambi ni ya nani?

— Mithali inahesabu. Macho ya kiburi. Ulimi wa uongo. Miguu inayokimbilia maovu.

— Ulimi wa uongo ni Chelimo, jirani ya Nyundo! Alisema ng'ombe yake inatoa debe la maziwa.

— Na miguu ni wewe, uliyekimbilia Kisumu.

— Na macho ya kiburi ni nani, Mhubiri? Si ni wewe hutaki kukaa benchi moja na walevi?

Sauti zilipanda. Lenah akagonga birika na kijiko, wakatulia, lakini hakuna aliyekuwa anaangalia mwenzake. Kila mmoja alikuwa anaangalia Tulwet, ambayo haikuonekana kwa ukungu.

— Isitoshe, Bethwel alisema ili kurudisha heshima yake, Mithali hiyohiyo inasema mke msumbufu ni kama bati linalovuja siku ya mvua.

Wakati huohuo tone likaanguka kutoka kwa bati, likamwangukia Yona shingoni. Walicheka mpaka benchi likalia. Gekara naye alicheka, na alipomaliza kucheka akajichukia.

Hapo ndipo alipoingia Okoth, dereva wa lori la majani, matope mpaka magotini. Lori lilikuwa limezama, alitaka kuazima jembe. Lenah alimpa chai kwanza. Alikunywa akisikiliza, macho yakienda kwa huyu na kwa yule.

— Huyo mama, alisema mwishowe, aliota ama aliona?

— Kuona nini?

— Hayo alisema. Kuna mtu amemuuliza?

Bethwel alifungua mdomo kwa mazoea.

— Zamani, kabla ya kuitwa manabii, waliitwa waonaji...

Akanyamaza, kama mtu aliyesikia sauti yake mwenyewe kwa mara ya kwanza.

Gekara peke yake ndiye aliyekuwa na jibu. Juma lililopita Nyambeki alirudi kutoka kuchuma, hata kikapu hajakitua, akasema: "Baba Sellah, ardhi huko juu imepasuka." Naye alimjibu: "Leta chakula kwanza."

Aliweka kikombe chini akaingia mvuani.

Juu kabisa, nyuma ya mstari wa mwisho wa michai, aliukuta ufa. Ulienda kando ya kilima mbali kuliko macho yake yalivyofika. Nyambeki alikuwa amechomeka vijiti viwiliviwili, kimoja huku na kimoja ng'ambo, akipima kama ufa unapanuka. Gekara alipiga magoti akaingiza mkono mpaka begani. Hakugusa chini. Akiwa hapo alisikia mizizi ikikatika ndani ya ardhi, moja baada ya nyingine, kama mtu anayechana kitambaa.

Alishuka akianguka na kuinuka, akipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Benchi zima liliamka. Yona alimbeba mgongoni mama yake Chelimo, mgonjwa wa miguu. Bethwel alipiga milango kwa fimbo bila kutaja mstari hata mmoja. Okoth aliacha lori lake kwenye matope akabeba watoto wawiliwawili.

Saa tisa mchana Tulwet ilishuka. Nyumba saba hazikuonekana tena, ya Gekara ikiwa ya kwanza kufunikwa. Kanisani watu walihesabiwa mara tatu, na mara tatu wote walikuwepo. Ng'ombe mmoja wa Yona ndiye hakupatikana.

Watu walimzunguka Nyambeki, wengine wamepiga magoti.

— Nabii, mvua itaisha lini?

— Sijui. Mimi si nabii. Mimi ni mchumaji chai.

Bethwel alijua ni mchungaji gani wa mifugo, katika Maandiko, aliyewahi kujibu hivyo. Aliinua kidole, kisha akakishusha.

Gekara alisimama mbele ya wote, nguo zikidondosha maji.

— Aliniambia mimi kwanza, alisema. Nilimwambia alete chakula.

Hakuna aliyecheka. Nyambeki alimwangalia, akafunga leso yake vizuri kichwani.

— Upande wa pili wa kilima pia kuna nyumba, alisema. Nani atakuja tuangalie?

Gekara alikuwa karibu na mlango kuliko wote, lakini hakutangulia. Alingoja mkewe apite, kisha akamfuata.