Verlon Tackett na Kibodi Iliyokosa Herufi A

Ndugu waombolezaji, aliyelala mbele yetu ni Verlon Tackett, mtoto wa tatu wa Orville na Hester Tackett, na anayewasomea maisha yake ni dada yake mkubwa, Wilma Combs, aliyepewa kazi hii kwa kuwa ndugu wengine walisema yeye pekee ndiye aliyeweza kubishana na marehemu bila kuchoka, jambo ambalo si kweli, alichoka sana.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1946 mjini Hazard, Kentucky, akasoma huko huko hadi alipomaliza sekondari mwaka 1964, na Februari 1975 akaajiriwa katika kiwanda mjini Lexington kilichounda mashine za kuchapa na baadaye kibodi za kompyuta, ambako kwa miaka ishirini na moja alipachika springi ndogo chini ya vitufe, zile zinazolia kila herufi inapobonyezwa, na kiwanda kilipompunguza kazini aliendelea kuzitengeneza nyumbani kibodi hizo zilipoharibika, akiamini kwamba duniani hakuna ugonjwa wa kibodi usiotokana na springi.

Tarehe 12 Juni 1971 alifunga ndoa na Oleta Fugate, wakajaliwa watoto wawili, Twila, aliyezaliwa 1974, na Dwight, aliyezaliwa 1979. Mwaka 2003 Oleta alipoteza uwezo wa kuona, marehemu akampa kibodi moja nzito ya kiwandani, naye akawa anachapa kwa vidole na masikio, kila Jumapili barua moja kwa Dwight huko Toledo, kwa sababu tangu mwaka 2005 baba na mwana hawakuwa wakisemezana, kwa ugomvi ambao familia haitaurudia hapa, maana wote wawili walikosea na wote wawili waliambiwa.

Julai 2014 Oleta alimwaga chai ya sukari juu ya kibodi, akaipangusa kwa aproni, asimwambie mtu. Vitufe viliendelea kulia kama kawaida, kwa hiyo hakujua kwamba herufi A haikutoka tena hata moja, na marehemu, ambaye kwa kiburi chake hakutaka kuzitazama barua zilizokwenda kwa mtoto huyo, alizitia stempu na kuzituma, tatu mfululizo. Dwight alipoona mama yake amejiandikia chini "Mm" badala ya "Mama", aliamini ubongo wa mama umepata hitilafu, akaendesha gari mchana kutwa, akafika Jumamosi tarehe 9 Agosti, akamkuta mama yake barazani anamenya maharage, mzima wa afya. Alimpa baba yake zile barua bila salamu. Marehemu alizisoma akiwa amesimama, akasema, "Mama yako haumwi. Kibodi ndiyo mgonjwa."

Yaliyofuata yalitutesa siku tatu. Marehemu aling'oa springi zote mia na moja, akazipanga juu ya meza ya chakula, watu wakala na sahani magotini, akazirudisha, A haikutoka. Dwight alimwonyesha kwamba hata Q, Z na namba moja zimekufa, vitufe vyote vinne vikipitia njia moja ya umeme katika plastiki ya ndani, akamwambia, "Mzee, pima hiyo njia kwanza." Marehemu alijibu kwamba alikuwa akiunda hizi kabla yeye hajazaliwa, akazing'oa springi tena. Siku ya tatu Dwight alimbusu mama yake, akaingia garini, akawasha injini. Wilma, aliyekuwa jikoni, alimsikia mdogo wake akigusisha kipima-umeme kwenye ile njia, nacho hakikulia, kisha akasikia mlango. Marehemu alitoka na soksi tu miguuni hadi kwenye dirisha la gari, akasema, "Ulisema kweli, njia imekatika. Rudi unishikie taa."

Hilo ndilo ombi pekee la msamaha ambalo familia hii imewahi kulisikia kinywani mwake, na Dwight alilipokea, akazima injini. Wakakata vichwa vya plastiki vilivyoshika bamba la nyuma, wakapaka njia iliyoliwa na chai kwa rangi ya fedha inayopitisha umeme, wakafunga bamba kwa bolti, wakigombana kwa kila bolti, na Oleta alipobonyeza, A ikatoka. Tangu hapo Dwight alikuja kila mwezi.

Mwaka 2018 moyo wa marehemu ulianza kushindwa, akawakatalia madaktari kwa miezi mitano, akidai kujua kilichokuwa kikimsumbua, na Jumanne tarehe 5 Machi 2019 akafariki, mkono wake ukiwa katika mkono wa mwanawe.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomvumilia, majirani walioleta mikate ya mahindi, na wenzake wa kiwandani waliolibeba jeneza, na inawasihi wote walioacha kibodi kwake waje kuzichukua, ziko sitini na tatu ukumbini, na Oleta ameshajikwaa mara mbili.

Verlon, ndugu yetu, bishana na wengine sasa, nawe upumzike kwa amani.