Kabla Hamjapiga Debe, Niiteni

Asalaam aleikum, ndugu zangu. Msinione nimesimama hapa na kanzu yangu siku hii ya kumaliza mavuno, mkadhani nimezoea kusema mbele za watu.

Mnajua nilikuwa jeshini, nikapelekwa kulinda amani nchi ya watu, wenyewe kwa wenyewe wanauana. Kambini simu hazikushika, tukawa tunaandika barua, anayekwenda likizo anabeba. Nilimwandikia mke wangu: tunakula wali, tunacheza mpira, usiwe na wasiwasi. Wallahi, siku hiyohiyo nimelala handakini kwenye maji, na mwenzangu niliyekula naye maharage asubuhi kapigwa risasi akienda kisimani. Ningemwandikiaje hayo?

Nikarudi salama. Mpunga ukaanza kuiva, tukahamia shamba, juu dunguni, kile kichanja cha kulindia shamba, tufukuze ndege. Asubuhi ya kwanza jirani akapiga debe kuwatisha ndege, paa! Ndugu zangu, nawaambia, mimi sikusikia debe. Nilimvuta mke wangu kutoka juu kule mpaka topeni, nikamlalia, nikamziba mdomo na pua adui asitusikie. Anarusha mateke, mimi nakaza. Macho yakamtoka. Bila majirani kuniburuta, leo ningekuwa muuaji.

Akaenda kwao. Baba yake akaniita, akataka nieleze, la sivyo nitoe talaka. Nikaanza kumweleza habari za mpunga na ndege. Mkwe akasema, "Basi. Kesho njoo na talaka."

Nilirudi dunguni nikalia kama mtoto. Kisha nikachukua karatasi nikamwandikia kama kule vitani, ila safari hii ukweli wote: maji, damu, hofu. Kesho yake nikaipeleka barua hiyo mwenyewe, nikakaa barazani, yeye anasoma ndani. Nikajua ndoa imekwisha.

Akatoka, macho mekundu. "Kumbe siku zote unanidanganya na wali wako na mpira?" Akanisonya. "Haya, twende. Lakini ukiogopa, sema naogopa. Usinikabe tena."

Ni yeye aliyepita dungu kwa dungu kuwaomba: "Shemeji zangu, kabla hamjapiga debe, mwiteni kwanza." Na mkaniita, msimu mzima, hata ndege walipokuwa wanawamalizia mpunga. Ahsanteni sana. Na yule muuguzi wa zahanati yetu anayenisikiliza kila nikienda, Mungu amlipe.

Mtu akirudi kutoka vitani, msimuulize kaleta nini. Muulizeni kaona nini, kisha mkae mumsikilize.

Mke wangu yule pale nyuma, kajifunika kanga, sijui analia au ananicheka. Mke wangu, naogopa. Haya, nimesema mbele za watu.