Bi. Nzula Masila: Fundi Aliyeirudishia Pijo ya Mwalimu Mwaura Sauti Yake

Bi. Nzula Masila aliingia Karakana ya Waithaka, hapa Ngara, mwezi wa Machi mwaka 1991. Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba 2025, anaivua ovaroli yake ya bluu kwa mara ya mwisho baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi. Wengi wetu tulimkuta kazini na tulidhani tungemwacha hapo. Leo yeye ndiye anayetuacha, huku akicheka, na kwa haki kabisa.

Alizaliwa Mbooni, akasomea ufundi wa mitambo katika darasa ambalo msichana alikuwa yeye peke yake, kisha akaja Nairobi kutafuta kazi. Mwanzilishi wetu, marehemu Mzee Waithaka, alikuwa amejinunulia lethi, ile mashine kubwa ya kukereza chuma, na hakuwa na mtu wa kuiendesha vizuri. Alimwambia ajaribu kwa wiki moja. Wiki hiyo haijaisha mpaka leo.

Hapa kazini jina lake ni Mama Musembi, kwa jina la kifungua mimba wake, na mimi ninayeandika haya, Kihara, mpokeaji wa magari, sijawahi kumwita vinginevyo. Meza yangu iko mlangoni, kwa hiyo nimeshuhudia mchezo mmoja ukirudiwa mara zisizohesabika. Mteja mgeni anaingia, anampita Mama Musembi, anamwamkua mwanamume yeyote aliyeko nyuma yake, hata kama ni mpishi wetu wa chai, na kuuliza fundi yuko wapi. Mpishi anamwelekeza kwangu, nami namrudisha kwa Mama Musembi. Kufikia hapo yeye huwa ameshaanza kuifungua boneti.

Akiwa kwenye mashine huimba nyimbo za kwaya, sauti ya pili. Tulijifunza zamani kwamba akiimba unaweza kumsogelea na swali lolote. Akinyamaza, chuma kimekuwa kigumu, na ni afadhali ukanywe maji kwanza.

Kazi alizofanya ni nyingi mno kwa ukurasa huu, nami nitasimulia moja tu, kwa sababu ndiyo anayoulizwa zaidi na ndiyo iliyomfanya alie mbele yetu.

Mwaka jana, muda mfupi kabla ya mvua za vuli, lori la kuvuta magari lilituletea Pijo ya zamani, stesheni wagoni yenye rangi ya maziwa, iliyotunzwa kama sebule. Ilikuwa ya Mwalimu Mwaura wa Mountain View, mstaafu aliyefundisha jiografia. Alishuka polepole, ameshikwa mkono na mkewe, Mwihaki. Presha ya macho ilikuwa imemla uwezo wa kuona, kwanza pembeni, kisha katikati, na daktari alikuwa amemwambia bila kuzungukazunguka kwamba hata ule mwanga kidogo uliobaki ungezimika. Funguo za gari alikuwa amezitua mwenyewe, bila kusukumwa na mtu.

Shida ya Pijo ilikuwa puli ya krankshafti, lile gurudumu la chuma lililo mbele kabisa ya injini, ambalo huzungusha mkanda wa feni na wa pampu ya maji. Bolti yake ilikuwa imelegea kwa muda mrefu. Puli ikawa inacheza juu ya shafti hadi ikajitanua tundu na kuula mfereji wa kabari inayoishikilia. Kisha fundi mmoja wa barabarani akaing'oa kwa mtaimbo na kumega ukingo wake. Nilizunguka maduka yote ya vipuri ninayoyajua, kuanzia hapa Ngara hadi Industrial Area. Nilirudi mikono mitupu. Gari lenyewe lilikuwa na umri mkubwa kuliko wauzaji.

Nilimshauri Mwalimu, kama mtu anayemtakia mema, aiache hiyo gari na watoto wamtafutie ndogo ya kisasa. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kihara," akasema, "mimi sitaona tena mahali ninapopelekwa. Hii gari naijua na masikio. Ikipanda mlima najua, ikichoka najua. Ukiniweka kwa ingine, nitakuwa nimekaa tu ndani ya giza."

"Na nani ataiendesha?" nikauliza.

"Mimi," akajibu Mwihaki. "Nimeanza masomo ya udereva Westlands. Miaka yote hii nimekaa upande wa abiria. Nimeona kila kitu anachokosea."

Mama Musembi alikuwa ameshaiweka ile puli mezani. Aliigeuza, akaingiza kidole tunduni, akasema ataitengeneza.

Mara ya kwanza alijaza tundu kwa kulichomelea, akalikereza upya, akachonga mfereji, akaujenga ule ukingo uliomegeka. Kwa macho ilikuwa safi. Injini ilipowashwa, sote tulitabasamu isipokuwa Mwalimu. Aliweka kiganja juu ya boneti na kuinamisha kichwa.

"Mama, hapo mbele kuna kitu kinachechemea."

Mama Musembi alisikiliza, hakusikia kitu, akamwambia huenda ni mkanda mpya ambao haujazoea. Hata hivyo hakuwakabidhi gari. Alilichukua mwenyewe kulijaribu barabarani, na kabla ya kufika Kangemi mkanda ukachomoka, maji yakachemka, naye akaegesha kando ya Waiyaki Way mvuke ukipanda kama wa sufuria ya githeri. Tulilivuta mpaka Ngara. Wazee wale wawili walikuwa bado kwenye benchi letu, wakingoja.

Angeweza kuwaambia kwamba gari limezeeka. Wangekubali. Badala yake alikwenda akasimama mbele ya Mwalimu na ovaroli yake imelowa maji ya rejeta.

"Ulisikia vizuri," akamwambia. "Ule moto wa kuchomelea ulikuwa mwingi. Nimeipika ile puli, chuma kikapinda. Kosa ni langu, na nitaanza upya."

"Basi anza, mama," Mwalimu akasema. "Sisi tutakuja tena. Hapa kuna chai nzuri."

Wakaja kweli. Mwihaki alitokea kwenye masomo yake akiwa amembeba Mwalimu kwenye teksi, wakakaa nasi asubuhi nzima. Siku hiyo Mama Musembi hakuimba hata ubeti mmoja. Mama Musembi alilikata lile tundu lililopikwa mpaka akafikia chuma kizima, akakereza bushi, yaani bomba fupi la chuma la kuziba nafasi hiyo, na kuishindilia ndani kwa presi, bila moto. Kisha akalitoboa upya kwa kipimo cha shafti, akachonga mfereji mwingine na kutengeneza kabari mpya. Mwisho akalikereza gurudumu lote kwa mara moja likiwa limefungwa katikati, ili lizunguke bila kuyumba hata unywele. Mwalimu alikuwa ameketi karibu na mashine, akiuliza, naye akimjibu. Nadhani hajawahi kumruhusu mtu mwingine kumwuliza maswali akiwa amenyamaza.

Ilipofungwa na bolti kukazwa, Mama Musembi hakutazama injini. Alimtazama Mwalimu.

Injini ikawaka. Mwalimu akaweka kiganja boneti, kichwa kikainama. Karakana nzima ilisimama, spana mikononi. Akaomba iongezwe mafuta kidogo. Ikaongezwa. Akaomba iachwe ipumue. Ikaachwa.

"Hapo sasa," akasema kwa sauti ya chini. "Hiyo ni yeye. Habari yako, mzee mwenzangu."

Ndipo Mama Musembi alipolia. Alisema ni vumbi la chuma. Hakuna aliyembishia.

Hawakuondoka siku hiyo, kwa kuwa Mwihaki alikuwa hajafanya mtihani. Pijo ilikaa nasi chini ya turubai mpaka alipokuja na leseni yake mkononi, amevaa viatu vya ibada. Aliomba fundi akae kiti cha nyuma kwa safari ya kwanza, na Mama Musembi akanivuta nami. Tulipita Museum Hill salama. Westlands gari likazimika mbele ya msururu mrefu, na nyuma yetu honi zikaanza kama harusi. Mwihaki aliukaba usukani kwa mikono miwili.

"Wacha wapige," Mwalimu akamwambia. "Hawa wana haraka. Sisi tuna gari. Kanyaga klachi, washa, usiogope kumsikiliza. Atakwambia."

Akawasha. Likaondoka bila kuruka. Kuanzia hapo Mwalimu aliegemea kiti, uso umeelekezwa dirishani, akaanza kutufundisha jiografia: hapa tunateremka, hapa kuna daraja, sasa tunapanda kuelekea Kangemi, hapo kushoto patanuka mahindi ya kuchoma. Hakukosea hata pahali pamoja. Mwihaki alipoanza kucheka, mikono ilikuwa imeulegezea usukani. Tulipoingia lango la nyumba yao Mountain View, majirani walikuwa wametoka nje, na mwanamke mmoja akapiga vigelegele vilivyojibiwa mpaka mtaa wa pili.

Mpaka leo Mwihaki humpeleka mumewe kanisani, kliniki, na mara nyingine mpaka Limuru bila sababu yoyote. Mwalimu haoni tena. Anasema safari ni nzuri.

Wapo wanaodhani siri ya Mama Musembi ni mikono. Mikono anayo, lakini sisi tuliofanya kazi naye tunajua pia kwamba ni mtu anayeweza kurudi kwa mteja na kusema nimekosea, kisha akalala usingizi. Amewafunza hivyo mafundi wote waliopita kwenye lethi yake. Baadhi wana karakana zao sasa, kuanzia Gikomba hadi Kitui. Wa mwisho wao, Kavutha, anairithi mashine yake Jumatatu. Ameonywa kwamba mikono ya shati isiyokunjwa hairuhusiwi, hata Mama Musembi akiwa mbali, kwa sababu ana njia zake za kujua.

Anarudi Mbooni na mumewe, Lazarus, kwenye nyumba waliyoijenga kidogo kidogo, yenye miembe michanga na kisima. Kwaya ya huko imeshamwekea nafasi. Alituomba tusimletee hotuba ndefu wala saa ya ukutani, kwa sababu hataki kujua ni saa ngapi. Alitaka tule pamoja, na leo tunakula pilau, chapati na muthokoi wa mahindi yaliyokobolewa, alioupika mwenyewe tangu alfajiri kwa kutotuamini.

Mama Musembi, asante kwa kazi yako, kwa makali yako na kwa nyimbo zako. Umetufunza kusikiliza kabla ya kukaza. Mvua ya Mbooni ikunyeshee kwa wakati wake, mlango wako usikose wageni, na mwili wako uujue usingizi wa mchana. Nenda ukaishi vizuri, fundi wetu. Sisi tutakuja kukutembelea, na hatutakuletea gari.