Masanduku ya Mgeni wa Kurui

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Ndugu Mwakilishi wa Ubalozi, Shehe wetu, wazazi wenzangu wa Kurui, nanyi ndugu zetu mliotoka Janga kule Kibaha, Assalaam alaykum.

Mimi Rukaya binti Kibwana, mwenyekiti wa kamati ya chuo chetu cha ufundi, nimepangiwa kuushukuru ubalozi kwa vyerehani hivi. Shukrani nitatoa, lakini nina dukuduku, na nisipolitoa leo litanitoa roho.

Ndugu Mwakilishi, aliyekutangulia katika cheo chako tulimpokea hapa hapa. Tulimvisha kanzu, tukamlisha pilau ya Maulidi, naye akatuomba stoo ya chuo aweke masanduku aliyosema ni vifaa vya useremala. Hatukuyafungua. Kwetu huku mtu hapekui mzigo wa mgeni, ni aibu. Bandarini nako hawakuyafungua, kwa kuwa ni mali ya ubalozi. Adabu yetu na sheria yenu, vyote viwili akavifanya shuka la kujifunikia!

Ndani mlikuwa na nini? Mashine za kutengenezea vipuri vya makombora, zikisubiri kusafirishwa kwenda kwenu, nchi iliyowekewa vikwazo isiuziwe hata bolti ya silaha. Mambo yalipofichuka, bwana yule alionyesha pasipoti yake ya kidiplomasia, akapanda ndege. Mwalimu Latifu, aliyekuwa anashika tu ufunguo wa stoo, yuko mahabusu mpaka leo. Je, huo ndio ubalozi? Mtu mzima unakula kwa watu, kisha unamwachia mwenyeji pingu?

Mama yake Latifu, Bi Mwanaamina, yule pale mstari wa mbele. Jana aliniambia, "Rukaya mwanangu, usiwatukane. Waambie tu waseme ukweli, Latifu arudi nyumbani." Basi sitatukana, ingawa mdomo unaniwasha. Nasema hivi: ubalozi wenu uieleze mahakama kwamba Latifu hakujua kitu. Mnaogopa nini? Kinga mnayo, hakuna atakayewagusa. Asiye na kinga ni yeye.

Na masanduku haya ya leo, Ndugu Mwakilishi, utatuwia radhi. Vyerehani tutavipokea, lakini kwanza tunayafungua hapa hapa, mbele yako na mbele ya watu wote.

Nawashukuru nyote kwa kunivumilia. Bi Mwanaamina, njoo mama, nyundo hii hapa.