Mwalimu Jenoveva na Maneno Yasiyo na Ukoo

Tarehe 30 Juni 2025 Mwalimu Jenoveva Shekiondo anakabidhi funguo za maktaba ya Shule ya Sekondari ya Wasichana Kwemzindo, baada ya kufundisha Kiswahili hapa kwa miaka thelathini na minne. Alifika mwaka 1991 juu ya lori la mbao lililokuwa likirudi Shume, akiwa na sanduku moja la nguo na mawili ya vitabu. La nguo lililowa mvua. Ya vitabu alikuwa ameyafunika kwa koti lake.

Wanafunzi wake wanamkumbuka kwa swali moja: "Neno hili ni ndugu wa nani?" Aliwaonyesha kwamba Kiswahili husema maji, jina, jino, na Kishambaa husema mazi, zina, zino. Undugu wa lugha, alisema, hauonekani kwa sura ya neno moja. Huonekana pale tofauti inapojirudia kwa utaratibu. Neno lililoazimwa alilihesabu kuwa mkwe: anakaa nyumbani, lakini damu yake ni ya kwingine.

Mwaka 2009 udadisi huo uliokoa wasichana saba. Matroni alikuta bwenini daftari lao lililoandikwa kwa lugha asiyoijua, na ndani yake barua. Kamati ya nidhamu iliisoma juu chini ikatambua maneno mawili tu: Alhamisi na jikoni. Tukahitimisha kwamba mgomo unakuja. Mimi, mwalimu wa Hisabati, nilikuwa katibu wa kamati hiyo, na niliunga mkono wasichana wale warudishwe nyumbani, wiki tano kabla ya mtihani wa kidato cha pili.

Mwalimu Jenoveva aliomba siku nne. Alichora safu tatu: Kiswahili, Kishambaa na lugha ya daftari, ambayo wenyewe waliiita Kibweni. Siku ya pili aligundua kwamba sehemu kubwa ilikuwa maneno ya Kiswahili na Kishambaa yaliyogeuzwa silabi, maji yakawa jima, zina ikawa nazi. Yalibaki maneno thelathini na moja yasiyokubali kugeuzwa. Mengi yalikuwa na sauti ambayo wasichana, kwa kukosa herufi, waliiandika "hl".

Siku ya nne alisimama mbele ya kamati, wasichana wakiwa wamejipanga ukutani. Akaeleza kwamba wanaobuni lugha hupenda kuipamba kwa sauti ngeni, na kwamba maneno yale thelathini na moja yametungwa tu. "Haya hayana ukoo," alisema.

Salama, aliyekuwa mdogo kuliko wote, akainua mkono. "Samahani mwalimu, hayo hatukuyabuni. Ni ya bibi yangu."

Salama alikuwa Mmbugu, wa jamii ndogo ya milima hii yenye lugha yake, na hakuna hata mmoja wetu aliyelijua hilo. Shule ya msingi walikuwa wamemcheka kwa lugha hiyo, hivyo alipofika kwetu aliwaambia wenzake kwamba maneno ya nyumbani kwao ameyatunga mwenyewe. Wakayapenda, wakayaingiza katika Kibweni.

Mwalimu Jenoveva hakujitetea. Alivua miwani, akamtazama mtoto yule. "Nimekosea, Salama. Nisamehe. Utanipeleka kwa bibi?"

Kisha akamwomba amsaidie kutafsiri barua. Alhamisi ilikuwa siku ya kuzaliwa ya mwenzao Heri, na jikoni wangemwomba mpishi amwekee viazi vya kukaanga. Sentensi ya mwisho ilisema mwalimu wa Hisabati anatembea kama kanga aliyekanyaga kaa la moto. Mkuu wa shule alicheka mpaka akashika meza. Wasichana walifyeka nyasi siku mbili, wakabaki shuleni, na wote saba walifaulu.

Jumamosi iliyofuata Mwalimu alipanda mlima kwa miguu saa tatu nzima. Bibi Rukia alipokea shikamoo yake, akamkalisha, akamfundisha sauti ile: ncha ya ulimi juu, hewa ipite pembeni, kama maji yanayovuja kwenye bomba. Mwalimu alijaribu mara kumi. Bibi alifuta machozi ya kicheko, akamwambia, "Wewe unapuliza moto, mwanangu, huongei."

Alirudi huko kila likizo kwa miaka minane, hadi bibi alipofariki. Alijifunza kwamba viambishi vya lugha ile ya ndani, ambayo Wambugu husema wao kwa wao, vinafanana na vya Kishambaa, ilhali mizizi mingi ina jamaa mbali kabisa, kwa Wairaki wa Mbulu, ambao lugha yao si ya Kibantu. Hilo lilimkosesha usingizi kwa furaha: lugha moja, koo mbili. Ameacha maktabani madaftari kumi na mawili, na kila ukurasa umeandikwa jina la aliyesema neno.

Salama sasa ni muuguzi. Mwezi uliopita alileta mtoto wake wa miaka mitano kumuaga Mwalimu. Mtoto alimwamkia kwa Kiswahili, kisha, bila kuombwa na mtu, akataja vitu vya mezani kimoja kimoja kwa maneno ya bibi wa mama yake. Mwalimu Jenoveva hakuandika chochote. Alisikiliza tu.

Mwalimu, tunakushukuru kwa kutufundisha kuuliza, na kukiri makosa mbele ya watoto. Tunakutakia afya njema, mvua ya kutosha, na majirani wanaopenda kubishana juu ya maneno.